Baada ya Kidato cha Nne: Namna ya Kuchagua kati ya Chuo cha Ufundi na Njia ya Shahada

Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, familia nyingi za Tanzania huamua mustakabali wa mtoto kwa kuangalia daraja lililoandikwa mbele ya namba yake ya mtihani. Aliyepata la kwanza, la pili au la tatu huandaliwa kwenda kidato cha tano na hatimaye chuo kikuu, na aliyepata la nne hutafutiwa nafasi ya ufundi. Utaratibu huu humpeleka karakana kijana asiyependa kazi ya mikono, kwa kosa la kupata alama ndogo, na humzuia asiende huko kijana mwenye kipaji cha mitambo kwa sababu tu alama zake ni kubwa. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio ulio kinyume: mzazi na kijana waanze na kazi inayotakiwa kufanywa, warudi nyuma hadi kwenye cheti ambacho kazi hiyo inakidai, na mwisho kabisa ndipo wachague chuo.

Dharau dhidi ya ufundi, kwa kweli, si ya zamani sana kama watu wanavyodhani. Shule za sekondari za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga na Bwiru zilichukua wanafunzi waliofaulu vizuri, na kuchaguliwa kwenda huko kulikuwa jambo la kujivunia kijijini. Serikali nayo, kupitia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imerudisha mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na ujuzi wa kazi, katika sekondari kuanzia mwaka 2024. Kwa hiyo mzazi asichukulie swali hili kuwa la watoto walioshindwa.

Anza na kazi

Kijana aandike kazi mbili au tatu anazoweza kujiona akizifanya kwa miaka mingi, kisha kwa kila moja ajiulize: ni nini kinachomzuia mtu asiyesoma kuifanya? Jibu litaangukia katika moja ya makundi matatu, na kila kundi lina ushauri wake.

Kundi la kwanza ni kazi ambazo sheria imezifungia shahada. Daktari wa binadamu husoma miaka mitano ya chuo kikuu na kufanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini kabla ya kupata usajili kamili. Wakili humaliza shahada ya sheria, kisha hupitia mafunzo ya uanasheria kwa vitendo katika Law School of Tanzania. Mhandisi hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamsajili kuwa mhandisi mtaalamu. Kwa kazi hizi hakuna mjadala wa ufundi dhidi ya shahada, na kijana mwenye alama za kutosha aende kidato cha tano bila kusitasita. Ila familia ione kwamba hata katika kazi hizo shahada peke yake haimruhusu mtu kufanya kazi, kwani kila moja inadai kipindi cha kujifunza kwa mikono mbele ya mtu aliyetangulia. Bajeti na subira ya familia zihesabu na kipindi hicho.

Kundi la pili ni kazi zinazofungwa na leseni au usajili, lakini zisizohitaji shahada. Umeme ni mfano ulio wazi. Leseni za kufunga umeme hutolewa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa madaraja mbalimbali kulingana na elimu na uzoefu wa mwombaji, na nyumba inayoombewa kuunganishwa na TANESCO inatakiwa iwe imefungwa nyaya na mkandarasi mwenye leseni. Fundi asiye nayo, hata akiwa hodari kuliko wote mtaani, hulazimika kumtafuta mwenye leseni aweke sahihi na muhuri kwenye fomu, na sehemu ya malipo huishia huko. Uuguzi unaingia kundi hili pia, kwa kuwa cheti au stashahada humwezesha mtu kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na ukandarasi wa ujenzi nao husajiliwa kwa madaraja na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mtu anayelenga kazi ya namna hii asiulize chuo kinafundisha nini tu. Aulize iwapo mamlaka inayotoa leseni inakitambua cheti cha chuo hicho na kwa daraja gani, na jibu alipate kwa mamlaka yenyewe badala ya kulichukua kwa afisa udahili.

Kundi la tatu ni kazi ambazo hakuna anayezizuia isipokuwa mteja: kushona, kuchomelea, useremala, upishi, ususi, kutengeneza simu. Anayepeleka kitambaa kwa fundi cherehani haombi kuona cheti, anaangalia gauni alilomshonea jirani. Hapa kozi huwa na thamani kwa kadiri inavyofupisha muda wa kujifunza na kumpa kijana mambo ambayo fundi wa mtaani hayajui au hayafundishi, kama kusoma mchoro, kukadiria gharama ya kazi kabla ya kutaja bei, na usalama wa mwili wake. Cheti chenyewe huanza kudaiwa siku fundi huyo anapotaka kuajiriwa kiwandani, kwenye hoteli kubwa, au kuomba zabuni ya serikali.

Ijue ngazi kabla hujaipanda

Watu wengi huamini kwamba aliyekwenda VETA, yaani vyuo vya mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, amefunga mlango wa chuo kikuu. Imani hiyo haina ukweli.

Mafunzo ya ufundi stadi, ambayo Mamlaka ya VETA iliundiwa sheria yake mwaka 1994, yana ngazi tatu zinazojulikana kwa herufi NVA, kuanzia ya kwanza hadi ya tatu. Juu yake kuna elimu ya ufundi inayosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, ambayo ngazi zake huitwa NTA: ya 4 ni cheti cha awali, ya 5 ni cheti cha ufundi sanifu, ya 6 ni stashahada, ya 7 ni stashahada ya juu, na ya 8 ni shahada. Kijana wa kidato cha nne mwenye alama za ufaulu katika masomo manne, bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuingia NTA 4 moja kwa moja katika kozi nyingi, ingawa kozi za afya na uhandisi hutaja masomo ya sayansi anayopaswa kuwa ameyafaulu. Asiyefikia hapo anaweza kupitia NVA hadi ngazi ya tatu, kisha akaingia NTA 4 katika fani inayohusiana na aliyosomea. Aliyemaliza stashahada kwa wastani usiopungua 3.0 anaweza kuomba shahada chini ya utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa kutimiza na masharti ya kozi anayoiomba.

Sasa linganisha njia mbili za vijana wawili wa kidato cha nne ambao wote wanataka kuishia kwenye shahada ya uhandisi wa umeme. Wa kwanza anakwenda kidato cha tano na cha sita, miaka miwili, kisha chuo kikuu miaka minne. Wa pili anakwenda moja kwa moja stashahada, tuseme Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, miaka mitatu, kisha shahada. Wa pili amechelewa kama mwaka mmoja. Lakini tazama kila mmoja akiwa njiani. Wa kwanza, akikwama baada ya kidato cha sita kwa ugonjwa, ada au alama, anabaki na cheti ambacho waajiri wachache sana hukihitaji chenyewe. Wa pili, akikwama baada ya stashahada, ni fundi sanifu anayeweza kuajiriwa kesho yake, akafanya kazi miaka miwili mitatu na kurudi kusoma kwa fedha yake mwenyewe. Kwa familia ambayo haina uhakika wa kulipia miaka sita mfululizo, na familia za namna hiyo ndizo nyingi, tofauti hii ina uzito kuliko mwaka mmoja wa kuchelewa. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote katika suala zima, na ajabu ni kwamba husikika mara chache katika vikao vya familia.

Upande wa pili nao una haki yake. Kidato cha sita huacha milango mingi wazi kwa kijana ambaye bado hajajua anachotaka, wakati stashahada ya umeme humfungulia hasa milango ya umeme. Kijana mwenye miaka kumi na saba asiyejua kabisa aelekee wapi, na aliyefaulu vizuri, hapotezi muda akisoma tahasusi yake, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na cha sita, kwa miaka miwili.

Tahadhari moja ihusuyo ngazi: kozi fupi za wiki au miezi michache, ambazo vyuo vingi hutoa, hufundisha ujuzi halisi lakini kwa kawaida hazipandishi mtu ngazi. Kabla ya kulipa, muulize mhusika: cheti nitakachopata ni cha NVA, cha NTA, au ni cha chuo chenyewe tu? Akijibu kwa kuzungukazunguka, jibu umelipata.

Kalenda inakimbia kuliko matokeo

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka karibu na Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Kozi ndefu za VETA, kwa upande wake, huanza Januari, na maombi yake hupokelewa katika miezi ya mwisho ya mwaka unaotangulia. Familia inayosubiri matokeo ndipo ianze kufikiria ufundi huwa mara nyingi imeshachelewa kwa mwaka mzima, na ndivyo ufundi unavyogeuka kuwa makombo. Mazungumzo yafanyike kijana akiwa bado kidato cha nne, na kama ufundi umo katika orodha yake, fomu ichukuliwe kabla ya mtihani.

Baada ya matokeo, mfumo wa mtandaoni wa Selform wa TAMISEMI hufunguliwa kwa muda ili wanafunzi wabadilishe machaguo yao ya tahasusi na vyuo. Muda huo ni mfupi, na wapo wanaoupoteza kwa kutojua kwamba upo.

Miezi ya kati ya mtihani na Julai isipotee bure. Kijana anayesema anapenda magari akae gereji miezi miwili, afagie, ashike spana, apake grisi, aone jinsi mwenye gereji anavyobishana na mteja asiyetaka kulipa. Anayesema anapenda mapishi aingie jikoni kwenye mgahawa wenye msongamano. Wengine watarudi nyumbani wakisema kazi ile hawaitaki, na hilo ni bora kugunduliwa kabla ya ada kulipwa.

Hesabu ya fedha

Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA vya serikali imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na shilingi 120,000 kwa wa bweni. Mzazi athibitishe kiwango cha sasa kwenye fomu ya kujiunga, na asome ukurasa wa pili wa fomu hiyo kwa makini kuliko wa kwanza, kwa sababu ndiko kuliko na ovaroli, viatu vya usalama, vifaa vya fani na michango mingine, ambayo kwa jumla inaweza kuizidi ada. Vyuo binafsi hutoza zaidi, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza miaka ya 1970 na vilivyo wilayani, huwa nafuu kwa anayetoka jirani.

Gharama ambayo karibu kila familia huisahau ni ya vifaa vya kuanzia kazi. Mhitimu wa uchomeleaji asiye na mashine, au wa ushonaji asiye na cherehani, atakuwa kibarua wa mwenye navyo. Tangu mwaka wa kwanza wa masomo, familia iende madukani, iandike bei ya vifaa vya lazima, na ianze kuweka akiba kana kwamba ni ada ya mwaka wa ziada. Mwanafunzi naye aanze kununua vidogovidogo: testa, plaiz, seti ya bisibisi, mita. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, lakini mikopo hiyo hutolewa kwa vikundi, na kikundi kizuri hakiundwi wiki moja kabla ya kuomba. Wanaosoma pamoja wanaweza kukiunda wakiwa chuoni.

Kwa upande wa shahada, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupunguza mzigo, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele nao hukopeshwa. Mkopo huo ni deni: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi limalizike. Hilo halimfanyi mtu akimbie chuo kikuu, lakini liwekwe mezani pamoja na miaka ambayo kijana hataingiza kipato.

Kikague chuo karakana

Hatua hii ndiyo inayotenganisha chuo chenye manufaa na jengo lenye bango. Kwanza thibitisha kwenye tovuti ya NACTVET kwamba chuo kimesajiliwa na kwamba kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa. Kisha nenda chuoni siku ya masomo, asubuhi, bila kuwapa taarifa ya siku nyingi, na omba kuonyeshwa karakana kabla ya kukaa ofisini.

Hesabu mashine zinazofanya kazi na wanafunzi wanaozizunguka. Wanafunzi thelathini wakitazama mmoja akichomelea hawajifunzi kuchomelea, wanajifunza kutazama. Angalia sakafu na mapipa ya taka: karakana inayotumika ina vipande vya chuma vilivyokatwa, vumbi la mbao, nyaya zilizochunwa, madoa ya oili. Karakana safi mno, yenye mashine zilizofunikwa kwa turubai, ni ya kuonyeshea wageni. Uliza vijiti vya kuchomelea, mbao na vitambaa vya mazoezi hununuliwa na nani, na kila mwanafunzi hupata kiasi gani kwa muhula. Swali hili linafichua mengi, maana mashine huweza kutolewa na mfadhili mara moja, wakati vifaa vinavyotumika na kwisha hununuliwa kila mwezi, na ndiko chuo kinachobana matumizi huanzia. Tazama kama wanafunzi wamevaa miwani na glavu. Zungumza na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho bila mwalimu kuwa karibu, na umwombe akuonyeshe kitu alichokitengeneza mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Halafu toka nje ya chuo. Nenda kwa wenye kazi: gereji za eneo hilo, wenye karakana za samani, Keko ukiwa Dar es Salaam, mafundi wa vyuma wa Gerezani, meneja wa hoteli kama fani ni mapishi. Waulize vijana wa chuo kile wakija mafunzoni huwa wanajua nini. Wenye gereji hawana sababu ya kukisifu chuo wasichokipenda, na husema waziwazi.

Jambo la mwisho la kukagua ni mafunzo ya vitendo mahali pa kazi. Chuo kizuri kina orodha ya kampuni kinakopeleka wanafunzi na mwalimu anayewatembelea huko. Kibaya humpa mwanafunzi barua na kumwambia ajitafutie. Pale unapotolewa mpango wa uanagenzi pacha, ambamo mwanafunzi hugawanya muda wake kati ya chuo na kiwanda, uchangamkie, kwa sababu mwajiri anayemfundisha kijana kwa mwaka mzima huwa amekwisha kumjua kabla nafasi ya kazi haijatangazwa. Kigezo hicho kitumike hata kwa chuo kikuu: shahada ya uhasibu au ya kilimo isiyo na mafunzo ya vitendo yanayosimamiwa humwacha mhitimu akianza upya siku anayopata cheti cha shahada yake mkononi.

Kwa ambao tayari wameshachagua

Mwenye shahada anayetaka ujuzi wa mikono hana haja ya kurudi darasani miaka mitatu. Kozi fupi ya umeme wa jua, ya usindikaji wa chakula au ya majokofu na viyoyozi, ikiungana na elimu aliyonayo ya kuandika mchanganuo wa biashara na kusoma mkataba, humweka mahali ambapo wengi hawafiki, hasa katika zabuni za serikali, ambazo sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu yakiwemo ya vijana na wanawake. Asichague kozi kwa sababu ni fupi. Achague ile ambayo wateja wake tayari wapo mahali anapoishi.

Fundi aliyejifunzia mtaani, ambaye hakuwahi kukaa chuo chochote, naye ana njia yake. VETA huendesha utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hujiandikisha katika chuo kilicho karibu, hutathminiwa kwa vitendo na kwa mahojiano, hufundishwa yale yaliyopungua, kisha hupewa cheti. Aende na ushahidi wa kazi zake, yaani picha za nyumba alizojenga au samani alizotengeneza na majina ya waliomwajiri, na aulize siku ileile cheti atakachopata kinalingana na ngazi ipi ya NVA, ili ajue kama kitamfikisha kwenye leseni, zabuni au NTA 4 aliyokuwa akiitaka.